Mwaka wa Tano

Machi, theluji ikianza kuoza kandokando,
shimo la kwanza likimeza gurudumu la basi la shule,
mimi na Odell hutoka na gari la manispaa,
mwendo wa kobe, taa ya njano juu,
yeye usukani, mimi na kompyuta mapajani,
nazipa barabara alama kama mwalimu wa darasa la tatu.
Mtaa wa Tamarack, sabini na moja.
Mtaa wa Pili, arobaini.
Mtaa wa Kiwanda cha Karatasi...
"Huo usiupe alama," asema Odell, "uombee."

Fedha zilizopo: milioni mbili na laki sita.
Fedha zinazohitajika: usiniulize mbele za watu.

Wahenga walinena juu ya ufa na ukuta.
Laiti wangeketi kwenye kiti changu hiki cha magurudumu
waniambie niuzibe upi,
nyufa zikiwa elfu tisa na lami debe moja.
Kwa maana hesabu ni katili:
huanza kutibiwa barabara nzima, ingali nzima,
ikapakwa ngozi nyembamba ya lami na kokoto,
kwani dola ya leo huokoa sita za kesho kutwa.
Iliyokwisha kufa
huachwa iendelee kufa.
Nenda kamweleze hayo Bi. Kaczmarek,
anayeishi juu ya maiti.

Jumanne alikuja kwenye kikao cha bajeti
na kipande cha lami ndani ya mfuko wa mkate,
akakitua mezani, juu ya majedwali yangu.
"Hiki ni chenu," akasema.
"Gari la taka lilikirushia dirisha langu la jikoni.
Nimelipa kodi miaka arobaini na minne.
Uchochoro wangu haujaona koleo la changarawe
tangu marehemu alipokuwa na nywele."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

Diwani Brandvold akavua miwani:
"Uchochoro huo hupita magari mangapi?"
Nikajibu, kumi na moja kwa siku, pamoja na la taka.
"Na Barabara ya Ziwani?"
Elfu nane.
Akaivaa miwani yake.

Kuna njia, nikamweleza bibi pale mlangoni:
zaidi ya nusu ya wenye nyumba watie sahihi,
kila mmoja alipe kwa upana wa kiwanja chake.
Akanionyesha karatasi. Sahihi sita, nyumba kumi na mbili.
Namba tisa ni ya benki, na benki iko jimbo jingine;
benki haitii sahihi,
benki haina kifundo cha mguu cha kuteguka shimoni.

Basi nikauandika mwaka wa tano
katika mpango wa miaka mitano.
Nadhani alijua. Mwaka wa tano ni kama upeo wa macho:
kila ukipiga hatua, nao unajongea.

Mwisho wa Mei, saa kumi na nusu jioni,
Odell akanipigia simu kutoka Tamarack.
Viraka vimekwisha, lori limebaki na tani mbili,
inafuka moshi bado, lakini inapoa,
na kiwanda hakirudishiwi lami kama chupa za soda.
"Niimwage wapi?"

Nikaitazama orodha. Orodha haikunitazama.

Nikamwambia akate kushoto baada ya kanisa la Walutheri.

Kwenye ripoti nimeandika: masalio, hasara ya kawaida.
Uchochoro umepanda kutoka alama tisa hadi kumi na tatu,
na chini ya thelathini, kwa mujibu wa mwongozo,
zote ni sawa.

Kile kipande hakijachukuliwa na mtu.
Kinakandamiza makadirio ya mwaka ujao
feni inapowashwa.
Mkate wake ulikuwa wa shayiri;
mfuko bado unanukia.